Jiwe Lililogoma Nyundo

Mzee Kaanaeli alirudi kutoka Tengeru saa nane mchana, mkononi ana mfuko wa dawa za presha, akakuta jiko halipo.

Halikuungua wala halikuanguka. Halikuwepo tu. Pale palipokuwa na banda la fito na udongo, lenye bati jeusi kwa moshi wa miaka arobaini, palikuwa pamefagiliwa vizuri na lundo la mchanga limemwagwa pembeni. Migomba ya nyuma ya jiko, ambayo zamani huioni mpaka uzunguke, sasa ilisimama wazi uani kama wageni wasiokaribishwa.

Ezra, kontrakta wake, alitoka ndani ya nyumba mpya akijifuta mikono kwenye suruali, uso umejaa furaha.

"Shikamoo mzee! Umeona? Nimekusafishia uwanja. Sasa nyumba inaonekana."

Kaanaeli hakuitikia. Huku kwetu mlimani mzee akikataa kuitikia shikamoo, jua kuna msiba au kuna kesi. Ezra akaacha kutabasamu.

"Mawe yako wapi?" mzee aliuliza.

"Mawe gani?"

"Yaliyokuwa ndani. Mafiga. Matatu."

Ezra aligeuka kuitazama nyumba, halafu akajikuna kisogo. "Aa, yale! Mzee, mawe ya kupanga chini ya sebule yalipungua kidogo, na lori la mawe limekwama kule chini kwenye matope. Zege limeshachanganywa. Na wewe unajua, zege halilali. Tukaokota ya hapa hapa, tukamwaga jamvi la sakafu. Limetoka safi kabisa, njoo uone."

Kaanaeli hakwenda kuona. Alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa, mfuko wa dawa mapajani, akatazama pale palipofagiliwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Yeye alikuwa amekwenda kupimwa presha tu, saa nne nzima.

Tusimwonee Ezra. Hakuwa mwizi, na saruji yake haikuwa ya kubana. Alikuwa mtu wa Kimandolu mwenye pikapu nyeupe na simu mbili, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwajengea wazee ambao watoto wao wako mbali na wanatuma picha za nyumba kwa simu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: alijua mteja anataka nini kabla mteja hajasema, na aliendelea kujua hata mteja akishasema kingine. Dirisha la bafuni alilifanya kubwa kuliko la sebuleni, kwa sababu bafu linahitaji hewa. Swichi ya taa ya chumba kikubwa aliiweka nyuma ya mlango. Fremu ya mlango wa uani ilikuwa imeinama kidogo, kiasi cha unene wa kidole, hivyo mlango ukiurudishia bila komeo unafunguka wenyewe, polepole, kana kwamba kuna mtu anaingia.

Kaanaeli aliyaona yote. Miaka ishirini na sita alikuwa mpimaji wa kahawa katika chama cha msingi cha ushirika, na jicho lake lilijua kitu kilichoinama kabla ya mizani. Lakini hakuyasema yote kwa pamoja. Aliyatoa moja moja, kama mtu anayekula akiba. Jumatatu aliwaambia habari ya dirisha, mafundi wakaja kulirekebisha siku mbili. Wiki iliyofuata akawaonyesha kona ya korido. Maana tangu mkewe Susana alipofariki, siku ambayo hakuna fundi ilikuwa siku ya kumsikiliza kuku. Mafundi walikuja na redio, na matusi ya kirafiki, na mabishano ya mpira, na mtu mmoja akipiga chafya wengine wote wanamwombea afya kwa kelele. Mzee alikuwa anakaa kivulini anajifanya kusimamia kazi. Ukweli ni kwamba alikuwa mpweke, na kosa la fundi lilikuwa bora kuliko kimya.

Nyumba yenyewe hakuiomba. Binti yake wa pekee, Nancy, anayefanya kazi Dodoma, ndiye aliyesema baba hawezi kuendelea kulala kwenye nyumba ya mbao inayovuja. Kaanaeli alikubali kwa sharti moja. Siku ya kwanza kabisa, kabla kamba ya msingi haijavutwa, alimshika Ezra mkono akampeleka nyuma, akagonga ukuta wa jiko kwa bakora.

"Hili lisiguswe."

"Kwa nini mzee? Ndani unapata jiko la kisasa, na sinki."

"Lisiguswe tu."

Ezra akasema sawa. Moyoni akasema wazee wote husema hivyo, kisha kazi ikiisha wanashukuru. Na Kaanaeli hakutoa sababu. Hapo ndipo na yeye alipochangia kosa, na alilijua hilo, na kulijua hakukumsaidia kitu.

Sababu yenyewe ilikuwa hii. Mwaka juzi, mwezi wa pili, Susana alianguka shambani katikati ya mibuni, na alipoinuliwa upande wake wa kushoto ulikuwa umelala. Nancy alikuja wiki mbili akarudi kazini. Dada wa kazi akaletwa, akakaa siku kumi na tisa, akaondoka bila kuaga. Asubuhi ya siku ya ishirini Susana alimwita mumewe.

"Baba Nancy, nibebe unipeleke jikoni. Nitakufundisha."

Sasa, huyu Kaanaeli alikuwa mzee wa kanisa, na kwenye sherehe za harusi yeye ndiye aliyesimama kuwaambia maharusi kwamba mwanamume mwenye heshima hajui sufuria ya nyumbani kwake ina mkono mmoja au miwili. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mwenzake wa pale kwenye mizani aliwahi kufumaniwa anamenya ndizi, na Kaanaeli ndiye aliyembatiza jina la Mama Mtori, jina ambalo maskini yule alikufa nalo. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyembeba mkewe siku ile, akamketisha kwenye kiti cha mikono ndani ya jiko, akamwegemeza ukutani kwa mto. Kisha akafunga mlango ili jirani asione.

Kwa kuwa mlango ulifungwa, moshi ulikosa pa kutokea. Walilia wote wawili, wakaanza kucheka.

Alijifunza. Alijifunza mtori, kwa sababu ndicho chakula kilichompita mgonjwa kooni. Alijifunza loshoro, mahindi yasiwe magumu, maziwa yasizidi. Susana alikuwa anaongoza kwa mkono wake mzima, mwiko ameushika kama kiranja, na akitaka kusisitiza neno anagonga figa lililokuwa karibu naye, lile kubwa la upande wa mlangoni.

"Moto mwingi huo! Unapika au unachoma tofali?"

Siku moja kwa haraka zake alisogeza jiwe moja, akataka kuinjika sufuria hivyo hivyo ikiegemea ukuni. Susana akagonga jiwe lake.

"Figa moja haliinjiki chungu, Baba Nancy. Hata mawili hayatoshi. Rudisha la tatu."

Ilikuwa hivyo miezi minane, mpaka Novemba. Katika ndoa ya miaka arobaini walikuwa hawajawahi kukaa pamoja muda mrefu namna ile, magoti kwa magoti, wakizungumza habari za watu waliokufa na za watoto wawili waliowazika wadogo, ambao hawakuwahi kuwataja hata siku moja. Kaanaeli alikuja kumjua mkewe jikoni, akiwa na miaka sitini na nane. Na aibu yake kubwa haikuwa kupika. Aibu yake ni kwamba miezi ile ya ugonjwa, mwenzake akiteseka, yeye alikuwa na furaha kuliko miezi yote ya maisha yake. Jambo kama hilo unamwambia nani? Mchungaji? Binti yako?

Baada ya mazishi aliendelea kuingia mle kila alfajiri na kufunga mlango. Aliwasha moto baina ya mawe yale matatu, akachemsha chai, akaijaza kwenye chupa kubwa. Mafundi walipoanza kazi akawa anawapa na wao, na walipouliza nani anapika chai tamu hivi, akawaambia ni mama jirani.

Jioni ya siku ile ile, Alhamisi, Nancy alipiga simu. Ezra alikuwa amemtangulia kumweleza.

"Baba, pole. Amekosea, nimemwambia. Lakini lile jiko lilikuwa linaanguka, baba. Ungekuja kuumia mle."

"Ndiyo."

"Na yale mengine ni mawe tu. Huko mlimani mawe yamejaa. Nimemwagiza Ezra akununulie jiko la gesi, lenye mioto minne."

"Sawa mwanangu."

"Umekasirika?"

"Hapana."

Alikuwa amekasirika. Akamwuliza habari za wajukuu, akaambiwa hawajambo, wakaagana. Kisha akakaa na simu mkononi muda mrefu, akimchukia Nancy kwa kutojua jambo ambalo yeye mwenyewe hakumwambia.

Siku nne hakusema na mafundi. Ezra alileta jiko la gesi kwenye boksi lake, akaliweka koridoni, akaomba msamaha kwa maneno mengi. Redio ikaimba, mtu akapiga chafya, mzee hata hakugeuka. Watu wakaanza kufanya kazi kwa kunong'ona kama wako matangani.

Aliyeelewa wa kwanza alikuwa Sadoki, fundi mwashi, mtu mzima mwenye mvi, asiye na maneno. Jumanne, saa ya mapumziko, alimfuata mzee pale kwenye ndoo yake akachuchumaa.

"Mzee, tangu tubomoe jiko, chai hakuna."

Kaanaeli akakwangua tope la kiatu kwa bakora.

"Nimekutana na mama jirani asubuhi. Nimemshukuru kwa chai ya siku zote. Ameniambia hajawahi kupika chai ya mafundi."

Bomba la maji lilikuwa linadondoka kwenye pipa, tone moja moja.

"Ulikuwa unapika wewe."

Mtu anaweza kubeba jiwe kwenye kifua miaka miwili, halafu likaangushwa na habari ya chai. Kaanaeli alisimama, akaingia na viatu vyake vya matope mpaka katikati ya sebule mpya, akasimama juu ya jamvi ambalo Ezra alikuwa analisifu. Mafundi wakamfuata, Ezra akiwa mbele.

"Nilimpikia mke wangu kwenye mawe yale miezi minane," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa chumba kitupu. "Mimi. Nilimenya ndizi, nikasonga, nikamlisha. Hakuna anayejua. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja alizima redio.

Ezra alikuwa ameinamisha kichwa. Alitoka, akarudi na nyundo kubwa ya kuvunjia zege, akapiga alama ya chaki karibu na dirisha.

"Tulianzia hapa kupanga mawe. Nalivunja, mzee. Nikimaliza namwaga lingine, juu yangu."

Akainua nyundo. Sadoki akamshika mkono.

"Usivunje. Hutayakuta mazima." Kisha akamgeukia mzee, lakini alitazama chini. "Nisamehe. Mawe makubwa hayapangiki, yanaacha mianya. Mimi ndiye niliyeyapasua. Yamekuwa vipande kama ngumi, yamechanganyika na mengine."

Kaanaeli alitazama jamvi lile la kijivu. Lilikuwa limenyooka kweli. Lilikuwa kazi safi kuliko zote walizofanya katika nyumba ile, na hilo lilimuuma zaidi.

"Yote matatu?" aliuliza.

"Mawili. Moja liligoma nyundo. Nilipiga mara nne, likanirushia cheche. Nikaliacha." Sadoki akakunja uso akikumbuka. "Tuliliweka chini ya pipa la maji, lisiyumbe."

Walilimwaga pipa zima uani, maji yakakimbilia kwenye migomba. Jiwe lilikuwa pale, limezama nusu kwenye tope. Sadoki aliligeuza, akalisugua kwa kiganja. Upande mmoja lilikuwa jeusi tii kwa masizi, na kwenye bega lake kulikuwa na alama nyeupe nne za nyundo. Juu kidogo ya alama hizo palikuwa pamelainika na kung'aa, pale mwiko ulipokuwa unagonga.

Ndilo la mlangoni. Kaanaeli alilijua kabla hajalishika. Aliinama, mafundi wakageuka kutazama mlima, ambao siku hiyo hata haukuonekana kwa mawingu, wakautazama kwa bidii sana.

"Mama alikuwa anapenda nini?" Sadoki aliuliza baadaye kidogo.

"Mtori. Pilipili kidogo, ijapokuwa daktari alikataza."

Kazi iliisha Ijumaa. Mafundi walifagia, wakapakia majembe, redio, mbao na pipa. Sadoki alikwishalibeba lile jiwe peke yake mpaka pale palipokuwa jiko, akaliweka chini taratibu, upande wenye masizi ukitazama ndani. Ezra aliwasha pikapu, kisha akateremka tena.

"Mzee, kuna kitu kimebaki? Sema tu. Jumatatu nawarudisha vijana."

Mzee Kaanaeli alikuwa na makosa manne mkononi. Swichi ya nyuma ya mlango, mlango wa uani, ngazi mbili za barazani zisizolingana, na kigae kimoja cha bafuni kilicholia ukikigonga. Ilikuwa akiba ya mwezi mzima, ukijua kuitumia. Vijana walimtazama kutoka nyuma ya gari. Mmoja alikuwa anatabasamu, maana mchezo wa mzee walishaujua siku nyingi, na walikuwa tayari kuucheza.

"Hakuna," alisema. "Nendeni salama."

"Ubaki na Mungu, mzee."

Pikapu ilishuka kilima. Aliisikiliza mpaka kwenye kona, mpaka darajani, kisha hakuna kilichobaki cha kusikiliza. Kuku mmoja alipita.

Alichukua tofali mbili za saruji zilizobaki kwenye ujenzi, akaziweka mkabala na jiwe. Zilikuwa ndefu kuliko jiwe. Akachimba kwa jembe, akazizamisha kidogo, akaweka sufuria juu, akamimina maji kidogo ndani, akainama kutazama ukingo wake. Yaliegemea kushoto. Akachimba tena. Mara ya tatu maji yalilala sawa, kama kwenye mizani ya chama siku ya ukaguzi.

Alimenya ndizi palepale uani, jua likiwa bado lipo, hakuna ukuta wala mlango wa kufunga. Mama jirani alipita njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe, akaona, akasita. Kaanaeli alimwamkia kwanza, kisu mkononi. Mama akaitikia, akatembea hatua tano, akageuka kutazama tena, akaenda zake. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Miezi yote ile angeweza kuacha mlango wazi, na Susana asingelia kwa moshi.

Moto ulishika. Alitia ndizi, nyama, kitunguu, akakaa kwenye kigoda upande wa lile jiwe. Nyuma yake mlango wa uani ulilia bawaba, ukafunguka polepole. Aligeuka. Alijua ni fremu, na alijua imeinama kwa unene wa kidole, lakini aligeuka, na akaendelea kutazama pale mlangoni muda mrefu kidogo kuliko ulivyohitajika.

Kisha akachukua mwiko, akagonga jiwe mara moja. Sauti ilikuwa ile ile.

Akaongeza ukuni mmoja mkavu, halafu mwingine, halafu wa tatu, zaidi ya mtori unavyotaka. Ndimi za moto zikapanda mpaka kwenye mikono ya sufuria. Akaweka mwiko mapajani, akasubiri mtu amwambie kwamba moto ni mwingi. Harufu ya ndizi zinazoungua ikaanza kutoka, naye bado anasubiri.